Kajiungeni

Tumetoka Gongo la Mboto alfajiri, viatu mkononi,
si kwa toba, kwa tope.
Mvua ya usiku imeiacha njia kama ugali mbichi
na Katekista Fulgensi yuko mbele na msalaba begani
kama mtu aliyeazimwa ngazi na jirani.

Mimi si mtu wa hija.
Jumapili hunikuta nafua.
Kitenge hiki cha WAWATA ni cha mama, kimepauka kiunoni,
na safari hii ni nadhiri ya Gaudensia Mkude
aliyeipanda njia ya Pugu miaka kumi na tisa
hadi sukari ilipomla kidole, kisha wayo,
kisha Muhimbili wakaumalizia mguu chini ya goti.

Simu inatetemeka kifuani.
"Mko wapi?"
"Mnadani, mama."
"Ng'ombe wapo?"
Wapo. Wametoka mbali kuliko sisi, kwato zimechubuka,
wanasukumwa kwa fimbo na mluzi wa kijana mwenye usingizi.
Tukapishana nao, kila kundi likilitazama jingine.
Wao hawakuulizwa kama wana nadhiri.

Kituo kinaitwa Kajiungeni.
Jina zima ni amri,
na hakuna aliyewahi kuniambia ya kujiunga na nini.

Hapo tukaiacha lami, tukashika ya kina mama,
kati ya mihogo na vumbi jeupe la mlimani
ambalo mvua haijaligusa chini ya vichaka.
Ng'ambo treni ya umeme ikapita, safi,
ikaimeza asubuhi yetu yote kwa pumzi moja.
Rozari ikakatika katikati ya tendo la tatu.
Mtu akacheka. Tukaanza upya.

"Umeuona mkorosho?"
"Upi?"
"Ulioinama kama anayefunga kamba ya kiatu.
Pumzika hapo. Hapo nilimwombea baba yako,
na hapo nilikulilia wewe, mwaka ulioacha shule."

Mbele yangu ukuta wa matofali,
maandishi mekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI,
kuku mmoja juu yake, anajikuna.

"Nimeuona, mama."
"Bado umeinama?"
"Umezidi."
"Una maua?"
"Maua, na korosho mbili tatu za mapema."
Uongo ukishapata mizizi
huwezi kuunyima matunda.
Nikasimama kando ya ukuta, jua utosini,
nikapumzika kivulini mwa mti usiokuwepo
kwa muda ule ule ambao mama angepumzika.

Juu kidogo, nyumba ya bati, ndoo mbili na kikombe cha plastiki.
Bi Zena Mwinyimkuu alikuwa akiwanywesha mahujaji
na kuwasahihisha, kwa heshima, habari za Nabii Isa.
Alifariki Mfungo Mosi.
Sasa anachota mjukuu wake, hata miaka kumi hajafika,
akatutazama nyuso moja moja, akauliza:
"Yule mama mrefu wa kilemba cha bluu?"
Maji yakanipalia.
"Amenituma," nikasema,
nikarudisha kikombe, nikakiomba tena.

Mteremko, kisha mlima, kisha mlima ambao hawakuutaja.
Kisha kengele. Msalaba ukalazwa kwenye nyasi
na Fulgensi akanyoosha mgongo, ukalia.
Watu wakapiga magoti. Mimi nikapiga simu.

"Nimefika."
Akanyamaza. Nikasikia gongo lake likigusa sakafu.
"Ule mkorosho," akasema, "walishaukata.
Mara mbili za mwisho nimepita pale juani."
"Sasa mbona uliniuliza?"
"Nilitaka kuuona."

Foleni ya kitubio ilikuwa imefika mlangoni,
wanawake wenye matope hadi magotini wakihesabu vidole.
"Nenda kaungame, mwanangu," akasema,
"uanze na kufua Jumapili.
Ila mti usiutaje."